Kaka Yuko Lutindi

Naanza kwa kuomba radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kwa kuandika orodha ya vitu ninavyotumwa dukani. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. R na l zinanichanganya, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu huzitumia anavyopenda. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Mkikuta neno limeandikwa vibaya lisomeni kwa sauti, mtalielewa. Kwa mwandiko naomba radhi. Kwa ninayoyasema humu siombi.

Mimi ni mtu wa kutumwa. Nina miaka ishirini na moja, naishi Korogwe kwa mjomba wangu, na sijui siku iliyopita bila mtu kuniambia "hebu nenda". Natumwa chumvi, natumwa vocha, natumwa kupeleka pole msibani kwa watu ambao mtumaji alikuwa nao jana wakicheka. Kazi hii haina jina. Aliye ofisini akitumwa anaitwa tarishi, ana kiti na anapata chai. Mimi naitwa "we binti".

Nimewajua watu kwa jinsi wanavyotuma. Ukimwona mtu barabarani amechomekea shati, anasalimia kwa heshima, utadhani ana akili. Ngoja atume. Atakwambia "nenda mara moja", na tangu nizaliwe sijawahi kwenda mara moja. Nikifika nusu ya njia nasikia naitwa nyuma: "Na ukitoka hapo, pitia kwa fundi cherehani!" Nikifika kwa fundi cherehani, fundi naye ananituma kwa mtumaji kumuuliza kitambaa kiko wapi. Mwingine atakwambia ni "hapo tu". Hapo tu ni neno la mtu aliyekaa. Sijamsikia mtu aliyesimama akilitumia.

Mjomba ndiye mkubwa wao. Siku moja nilikuwa uani nafua, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nikakimbia na povu mikononi. Alikuwa amekaa kwenye kochi anatazama mpira, akaonyesha kwa kidevu. Alitaka rimoti. Rimoti ilikuwa kwenye kochi hilo hilo, upande wa pili wa mto aliouegemea. Nikampa. Akasema, "Umeilowesha."

Mjomba huyo huyo alinituma Hale, kwa rafiki yake anayekaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, nikaseme kwamba mjomba anaumwa mgongo, hawezi kwenda kwenye kikao cha harusi. Nikasema. Yule rafiki ni mtu mwema, na watu wema wanasumbua. Akachukua machungwa na kupanda gari pamoja nami kuja kumwona mgonjwa. Tulimkuta mgonjwa nje ya duka la jirani anacheza drafti, amesimama, ameinama mpaka pua inagusa kete. Mjomba hakuona aibu hata kidogo. Alinitazama mimi, akasema, "Sasa wewe ulimwambia nini mwenzangu?"

Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli hauawi. Anatumwa tena.

Mimi nina aibu. Nikizungumza na mtu mzima macho yangu yanakwenda chini, na nafikiri miguu ya watu wa Korogwe naijua kuliko sura zao. Ndiyo maana watu walipenda kunituma. Mtu mwenye aibu haongezi neno na hapunguzi. Neno nililopewa nililibeba kama yai, nikalifikisha na ganda lake, nikageuka. Likipokelewa vibaya halikuwa langu. "Mimi nimetumwa tu," nilikuwa nasema. Nilijificha ndani ya maneno hayo miaka mingi, na nilijiona mwenye akili kuliko wote wanaonituma.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunituma, naye ni kaka yangu. Ni seremala, ana kibanda chake cha kazi kwenye ua wa mjomba. Akitaka maji ya kunywa anaweka randa chini, anapangusa maranda ya mbao kwenye nywele, anainuka anakwenda mtungini. Baba alipofariki nilikuwa darasa la pili, na kaka ndiye aliyenishonea viatu kwa uzi wa magunia ili nisiende shule pekupeku. Ufundi aliupata kwa babu, aliyekuja zamani kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe na akaishia kutengeneza milango ya wakubwa wa shamba. Katika watu wote wenye miguu ninaowajua, kaka ndiye anayeitumia.

Kaka alipata mchumba Kwamsisi, huko Handeni. Posa ilipelekwa, ikapokelewa, ikabaki siku ya kaka kwenda na mjomba kujitambulisha ukweni. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kuvunjika. Binti analelewa na bibi yake, na bibi alikwisha kuwakataa wachumba wawili, mmoja kwa sababu hakumaliza chakula. Baba mdogo wa binti alikuwa na mtu wake mwingine, mwenye duka Mkata, ambaye aliendelea kupita pale kila wiki kusalimia. Kaka aliniambia, akiwa anapiga msasa bila kunitazama, "Nikikosea Alhamisi hii, wanampa yule wa Mkata." Siku hizo alikuwa anapiga msasa hata mbao zilizokwisha.

Jumatatu ya wiki hiyo likaja gari dogo la mizigo na watu wawili kutoka Lutindi, huko milimani. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la nyumba za zamani za misheni na mvua ilikuwa njiani. Babu ndiye aliyekuwa anawatengenezea enzi zake, kwa hiyo walimjua kaka. Hawakutaka kusikia habari za Alhamisi. Walimpandisha kaka nyuma ya gari na shati moja tu, na gari lilipokuwa linageuka akakumbuka amesahau randa, akapiga kelele, "Randa yangu! Nipeni randa yangu!" Nikakimbia nikampa. Kazi ingeisha Jumamosi.

Hapa mgeni wa huku anahitaji kuelezwa kitu. Sisi wa Korogwe tunakwenda Lutindi kununua maharage na ndizi. Kwetu ni mahali, kuna baridi, kuna migomba, kuna kengele. Lakini huko juu pia kuna hospitali ya siku nyingi ya wagonjwa wa akili, na kwa watu wa bondeni kote, mpaka Handeni, Lutindi si mahali, ni ugonjwa. Mtoto akipanda juu ya bati anaambiwa, "Wewe utapelekwa Lutindi." Wagonjwa wenyewe nimewahi kuwaona wakilima bustani, na wanajua kulima kuliko wengi wanaowacheka. Kicheko chenyewe ndicho kilichobaki bondeni, na kila mtu anakitumia.

Mjomba alipaswa kwenda mwenyewe Kwamsisi kuomba siku isogezwe. Neno la ukweni, walivyokubaliana wazee, halipigiwi simu, na kijijini kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Huyu ni mtu anayempigia simu jirani aliye upande wa pili wa ua kumwuliza matokeo ya mpira. Lakini neno la ukweni linataka miguu. Miguu ya nani, hawakusema.

"Nenda wewe," mjomba aliniambia. Miguu yake ilikuwa kwenye stuli. "Maneno machache tu. Ujio umesogezwa mpaka Jumapili, kijana yuko Lutindi. Usije ukaanza kuongezaongeza."

"Nieleze kazi yenyewe?"

"Nimesema maneno machache. Unataka kwenda kuhutubia?"

Nikaenda. Basi mpaka Mkata, kutoka Mkata pikipiki. Nilimkuta bibi nje anapepeta mahindi, na baba mdogo amekaa kwenye kizingiti anachokonoa meno. Mlango nyuma yake ulikuwa umelegea bawaba ya juu, unaburuta chini na kuchora nusu duara kwenye udongo. Niliuona mlango vizuri sana kwa sababu sikuwa naangalia sura ya mtu.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona peke yako? Wenzio wako nyuma?"

"Nimetumwa. Mjomba anasema ujio umesogezwa mpaka Jumapili. Kaka yuko Lutindi."

Mahindi yaliacha kulia kwenye ungo.

"Yuko wapi?"

"Lutindi, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Baba mdogo alitoa kijiti mdomoni. "Alikwenda mwenyewe au alipelekwa?"

"Walikuja kumchukua. Watu wawili, na gari."

"Ya Rabi," bibi alisema. "Na alikubali kupanda?"

"Mwanzo alikataa, akasema ana safari ya huku. Wakamwambia haiwezekani kungoja, lazima leo leo. Alipanda anapiga kelele."

"Anasemaje?"

"Randa yangu, randa yangu."

"Maskini," baba mdogo alisema polepole. "Anataka kurandaranda." Nilidhani anatania, nikacheka kidogo kwa adabu. Bibi alinitazama. Najua alinitazama kwa sababu miguu yake iligeuka.

"Mwanangu, na huo ni wa ukoo? Kuna mwingine kwenu aliyekuwa nao?"

"Ndiyo, bibi. Babu. Kaka aliupata kwake. Babu alikwenda Lutindi mara nyingi mpaka alipozeeka."

"Haya. Na wewe?"

"Mimi najua kidogo tu. Kupiga msasa."

Mimi nilisikia ufundi. Yeye aliuliza ugonjwa. Yote mawili yanaanza na u, na lugha yetu, ambayo walimu walituambia ni tajiri, haikuwa na hata herufi moja ya kunisaidia siku ile.

Binti mwenyewe alitoka ndani na maji ya kunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili na bado maji yalimwagika.

"Wifi," aliniuliza kwa sauti ndogo, "anakula?"

"Anakula, wifi. Kule wanampikia."

Akarudi ndani. Mlango ukaburuta.

Bibi akasema, "Mwambie mjomba wako tumesikia. Mwambie pole." Nikaaga. Baba mdogo alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, heshima ambayo sikuizoea, akamwambia dereva, "Mwendeshe polepole huyu. Kaka yake amepelekwa Lutindi, na yeye mwenyewe anasema anao kidogo."

Dereva alicheka. Tukaondoka, na tulipofika kisimani, hatua labda mia moja kutoka pale, yote yakaniingia kwa pamoja, kila swali na kila jibu. Nikageuza shingo. Bibi alikuwa bado amesimama na ungo. Ningeweza kumwambia dereva simama. Ningeweza hata kupiga kelele, angesikia. Nilifungua mdomo, nikawaona wanawake watano kisimani wananitazama, nikaufunga. Nikajiambia, mimi nimetumwa kusema maneno machache, nimeyasema. Nikajiambia hivyo mpaka Mkata.

Ninapowadharau watumaji, mnijue na mimi. Mjomba alikuwa mvivu wa kusimama. Mimi nilikuwa mvivu wa kugeuka.

"Wamesemaje?" mjomba aliniuliza nilipofika.

"Wamesema pole."

"Pole ya nini?"

"Ya safari."

Akarudi kwenye mpira wake. Kaka hakupatikana kwenye simu wiki nzima. Jumamosi mchana alirudi amebeba mkungu wa ndizi na vumbi la milimani kichwani, anaimba. Ndipo simu ya mjomba ikalia. Alikuwa baba mdogo, amepanda kwenye kichuguu. Mjomba akaweka sauti ya nje, kwa sababu hata kushika simu sikioni kunamchosha, na sote tukasikia: "Tumekaa kama ukoo. Hatuna ubaya nanyi. Ugonjwa ni wa Mungu, tunamwombea kijana apone. Lakini binti wetu ni mdogo, hatuwezi kumpa mtu aliye Lutindi, na ukoo wenyewe unao. Tuachane kwa wema."

Kaka alicheka kwanza. Aliuliza, "Nani yuko Lutindi? Mimi si huyu hapa?" Halafu akanitazama, akaacha kucheka. Alimpigia mchumba wake, hakupatikana. Baadaye tulijua baba mdogo alikwisha kumnyang'anya.

Mjomba alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Nilimtuma maneno machache! Mtoto ameshindwa kubeba maneno machache!" Aliwaeleza majirani habari yote tangu mwanzo, kwa mikono, na katika habari hiyo yeye alikuwa ameniambia waziwazi nieleze kazi ya paa. Majirani wakatikisa vichwa. Hakuna wanachokiamini haraka kama kosa la aliyetumwa.

Kaka aliniuliza jambo moja tu, kibandani, watu walipoondoka. "Ulijua wameelewa vibaya?"

"Sikujua."

"Basi si kosa lako." Akachukua ubao ambao haukuwa na shida yoyote, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba kama rula.

Mjomba alipanga. Jumatatu atatafuta mtu mzima wa kumtuma. Huyo mtu mzima atakuja Jumatano kupewa maneno, atakwenda akipata nafasi. Nilimsikiliza akipanga huku amelala. Wakati huo yule wa Mkata, nilijua, alikuwa anachomekea shati. Jumapili asubuhi nilifunga kanga yangu, nikatoka. Mjomba aliniona mlangoni, akasema, "Ukipita sokoni uniletee tumbaku." Sikupita sokoni.

Njia nzima nilipanga maneno. Ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kupewa. Nilipofika nilimkuta bibi mahali pale pale, na baba mdogo kizingitini, kama watu waliochongwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Sikutumwa, bibi. Nimekuja mwenyewe."

Baba mdogo akacheka. "Kumbe kweli anao! Mtu asiyetumwa ana neno gani hapa? Mama, usimsikilize. Umetumwa na nani, binti? Na mjomba?"

"Subiri," bibi alimwambia. Kisha kwangu, bila ukali: "Mjukuu wangu, neno lisilo na mwenyewe hatulipokei. Rudi. Mwambie yule aliyekutuma siku ile aje yeye."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kukimbilia. Nilikuwa nimepewa ujumbe mwingine. Ningeubeba, ningesema "haya, bibi", ningegeuka, na kosa lingekuwa la wakubwa. Miguu yangu ilikwisha kugeuka nusu.

"Siendi, bibi," nilisema.

"Nini?"

"Siendi kumwambia mtu. Neno lina mwenyewe. Ni langu."

Nikasema. Sikuinua macho, niliuambia ule mlango mbovu. Niliuambia kwamba kaka ni seremala, ambalo wao walilijua, na kwamba Lutindi kuna nyumba zenye paa kama nyumba za mahali pengine, na paa liling'oka, na randa ni chuma cha kulainishia mbao, na alichokirithi kwa babu ni ufundi, na mimi ninachokijua kidogo ni kupiga msasa. Nilirudia msasa mara mbili. Nilipomaliza nilikuwa natetemeka kama mtu mwenye homa, jambo ambalo halikumsaidia kaka.

Baba mdogo akasema, "Mwongo hakosi hadithi."

"Siku ile ulijua tumeelewa vibaya?" bibi aliniuliza.

Ningeweza kusema sikujua. Nilikwisha kulisema mara moja, na lilikubaliwa.

"Nilijua, bibi. Pale kisimani."

"Ukarudi kutuambia?"

"Sikurudi."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Palikuwa na watu."

Bibi alitema mate pembeni, si kwa kunitukana, ila kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. "Basi mgonjwa katika nyumba yenu ni wewe," alisema. Kisha akageuka kwa baba mdogo. "Huyu hadanganyi. Mwongo asingejipaka hayo mwenyewe. Mpe mtoto simu yake."

"Mama, na yule wa Mkata nimwambie nini?"

"Mwambie binti yuko Lutindi."

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Alitoka, akanyoosha mikono akapokea simu bila kumtazama baba yake mdogo, akanipita akiwa anakimbia. Nilimwona anapanda kichuguu kwa mikono na magoti, kanga inakamata kwenye miiba. Alisimama juu kabisa na simu sikioni. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu alivyocheka, halafu alivyolia, halafu akaniita kutoka juu: "Wifi! Anauliza umekuja na nani!"

Alhamisi iliyofuata kaka alikwenda, na mjomba naye, maana hapakuwa na namna, nami nikafuatana nao. Bibi hakuwapa viti kwanza. Alimwonyesha kaka ule mlango. "Nasikia unaranda," alisema. Kaka akavua shati la ugenini, akaung'oa mlango, akaulaza kwenye magogo mawili, akaupiga randa upande wa chini, akanyoosha bawaba kwa nyundo. Alipourudisha, bibi aliufunga na kuufungua mara saba au nane kwa kidole kimoja. Baba mdogo aliupiga teke kidogo, aone. Ulijifunga bila sauti. Bibi akasema, "Haya, karibuni ndani." Ndoa ni baada ya mavuno.

Mjomba sasa anaisimulia habari hii kila mahali. Katika habari yake aliona mapema kwamba kuna tatizo, akamtuma mpwa wake akalitengeneze. Juzi alikuwa anawasimulia wageni, akataka kutoka nje, akaniambia, "Nipe viatu vyangu." Viatu vilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekaa, nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua. Aliinuka, na nikahesabu: hatua nne. Hakufa.

Lakini habari yangu haijaisha vizuri kama mlango wa bibi. Kaka bado anaamini kwamba sikujua. Bibi anajua, wifi anajua, na wote wawili wamekaa kimya. Wifi aliniambia ukweni siku ile, akinipa chai, "Hilo mimi simwambii. Utamwambia wewe." Kila asubuhi nasikia randa yake uani, natoka mpaka mlango wa kibanda, na yeye ananiambia, "Kuna kitu?" nami nasema, "Hakuna." Anarudi kwenye ubao. Mara mbili nimefikiri nimtafute mtu wa kumwambia kwa niaba yangu. Naona mnanicheka. Ni haki yenu.

Nimeandika haya kwanza kwa sababu karatasi haina miguu ya kuangalia. Leo jioni akiweka randa chini nitakwenda kumwambia, kabla sijamaliza hata kuinakili barua hii. Wewe uliyesoma, kama uliwahi kunyamaza mahali ulipopaswa kugeuka, niandikie uniambie ulisema nini baadaye, na wakakujibu nini. Andika hata kwa mwandiko mbaya, siwezi kucheka mwandiko wa mtu. Ila andika mwenyewe, na ukaitie posta mwenyewe. Usimtume mtu.